Tundu Lisilo na Sanduku: Juu ya Gitaa la Besi AEB-1

Ala ya muziki huhukumiwa na sikio, na jicho halina kura katika hukumu hiyo. Kwa kipimo hiki twataka kulipima gitaa la besi AEB-1, lililotolewa na kampuni ya Ampeg ya Marekani mwaka 1966.

Everett Hull, mwasisi wa kampuni, alikuwa mpigaji wa besi kubwa ya kusimama, ile ile waijuayo wasikilizaji wa taarab ya Unguja. Katika miaka ya 1940 alipata sifa kwa kutia kinasa sauti ndani ya mguu wa besi hiyo, na jina la Ampeg lilitoka humo. AEB-1 nalo likapewa sura ya ala aliyoipenda: kichwa kilichojikunja kama cha fidla, na kifuani matundu mawili yenye umbo la herufi f.

Katika fidla tundu hilo ni kinywa cha sanduku tupu. Hewa ya ndani hutikisika, sauti ikatoka. Katika AEB-1 matundu yamepenya ubao mpaka mgongoni, na mtazamaji aweza kuona shati la mpigaji kupitia humo. Wanafunzi wa ushairi wamekwisha kukutana na jambo hili, katika tungo zenye vina timamu zisizosema neno.

Kosa la pili lina heshima zaidi, maana lilizaliwa na nia njema. Kinasa cha sumaku husikia nyuzi za chuma tu, hali wapigaji wengi wa besi kubwa walizoea nyuzi za utumbo. Kwa hiyo Ampeg waliweka bamba la chuma chini ya daraja, na koili chini ya bamba: uzi watikisa daraja, daraja latikisa bamba, koili zapeleka mtikisiko huo kwenye kipaza sauti. Uzi wowote wasikika; lakini wasikika kwa unyonge, na zama zile zilikuwa za roki na kishindo, kishindo ambacho Hull mwenyewe hakukipenda.

Mwaka 1968 ikaja AMB-1, yenye kinasa cha sumaku na matundu yasiyopenya tena. Nguvu iliongezeka, nyuzi za utumbo zikafungiwa mlango. Tundu likabaki pambo tupu, nalo afadhali halikudai zaidi.

Mimi namthamini zaidi nduguye wa 1966, AUB-1, ambaye shingo yake haina vipande vya chuma. Kidole chateleza juu ya ubao na kutafuta noti kama katika besi kubwa, na sikio ndilo limwambialo mpigaji kwamba amefika. Besi ya ukoo huu, isiyo na vipande, ndiyo aliyoipiga Rick Danko wa kundi la The Band.