Nilimshauri mama mdogo kwa kitabu cha Porter



Jambo hili nimelificha muda mrefu. Leo nalisema kwa sababu wadogo zetu wengi sasa wanaandika memwari zao, na sipendi warudie kosa langu.

Mwaka 2016 nilikuwa namaliza lisansi ya uongozi wa biashara. Kozi iliyonipendeza kuliko zote ilikuwa ile ya mkakati wa biashara. Silabusi yake ilikuwa nene na iliahidi kutufundisha mkakati katika mazingira ya kwetu na ya dunia. Upande wa dunia tuliumaliza wote. Upande wa kwetu ulikuwa sura ya mwisho, na saa zikaisha kabla hatujaufikia. Tukaambiwa tuusome nyumbani. Nilifungua: kurasa mbili, eti mfanyabiashara wa Kiafrika anakosa mtaji na elimu. Basi, imeisha.

Memwari yangu niliiandika juu ya biashara ya mama mdogo wangu, pale Makobola. Wenye kupita barabara ya Uvira kwenda Baraka munapajua: ziwa upande mmoja, mlima upande mwingine, na samaki wameanikwa katikati. Biashara yake kubwa ilikuwa ndagala. Alizinunua asubuhi mitumbwi inaporudi, akazianika, akazipeleka Uvira, nyingine zikapanda mpaka Bukavu. Lakini alikuwa pia na madumu ya mawese kutoka upande wa Baraka, unga wa muhogo, na vitenge vilivyovuka ziwa kutoka Kigoma. Juu ya hayo, kila mwezi alitoa pesa ya likelemba, na nusu ya wateja wake walikuwa wanachukua kwa deni.

Mimi nilikuwa nimeshika Michael Porter mkononi. Kitabu chake cha mwaka 1980 juu ya mkakati wa ushindani kinasema kampuni ichague: iuze kwa bei ya chini kuliko wote, au iuze kitu cha pekee, au ishike kundi moja la wateja na kulihudumia vizuri. Anayejaribu yote anakwama katikati. Nilimtazama mama mdogo na ndagala zake, mawese yake, unga wake na vitenge vyake, nikasema: huyu njo amekwama katikati. Nikaandika mapendekezo matatu. Aache bidhaa nyingine, ashike ndagala peke yake. Apunguze madeni ya wateja. Atoke katika likelemba, ile pesa iingie katika mtaji.

Jopo lilinipa 16 kwa 20. Mama mdogo aliuza dumu la mawese ili tule pilau siku ile. Na kwa sababu mtoto amesoma, alifanya yote niliyoandika.

Msimu wa mvua uliofuata, lori lenye magunia yake lilikwama siku sita katika mlima wa Ngomo. Ndagala zilishika unyevu, zikaota ukungu. Zilizofika Bukavu ziliuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Zamani angesema pole, halafu mawese yangelipa hasara. Safari hii mawese hayakuwepo. Zamu ya likelemba haikuwepo. Hata wale wateja wa deni, ambao zamani walikuwa wanamletea chochote wakisikia amepata shida, walikuwa wameshahamia kwa mwuzaji mwingine. Nilipokwenda kumwona hakunigombeza. Alisema tu:

"Mwanangu, ndagala ikikosa, mawese inalipa. Mawese ikishuka, kitenge inalipa. Sasa ndagala imekosa, nani atalipa?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nilirudi kukisoma kile kitabu upya, safari hii bila hofu ya mtihani.

Kwanza nimtendee haki mwenyewe. Porter si mjinga, na zile nguvu zake tano zinafanya kazi hata ufukweni kwetu. Wenye mitumbwi wana nguvu juu ya mama mdogo, kwa sababu ndagala ni zao na asubuhi wanunuzi ni wengi. Wafanyabiashara wa Bukavu wana nguvu juu yake, kwa sababu wao wanaweza kungoja na samaki hawezi. Washindani wapo. Wapya wanaingia kila siku, maana beseni na mtaji mdogo vinatosha. Na ndagala zikipanda bei, mteja anakula maharagi. Nani atasema hiyo si kweli?

Kasoro ya kwanza ni kwamba mtu mwenye kukula faida kubwa ya safari hayumo katika zile tano. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu mbili peke yake. Vingine ni vya jeshi, vingine vya makundi yenye silaha, vingine vya wakusanya kodi wa kila aina. Porter alipoandika upya makala yake mwaka 2008, alieleza kwamba serikali isihesabiwe kama nguvu ya sita, tuangalie inavyozigusa zile tano. Kwa Marekani, sawa. Kwetu, mtu mwenye kamba barabarani si mteja, si mwuzaji, si mshindani, na bei ya gunia inabadilika kufuatana na idadi ya kamba zake.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, na ndiyo iliyomwangusha mama mdogo. Kumwambia mtu ashike kitu kimoja kunadai kwamba mengine yote yatashikwa na wengine. Bima italipa mzigo ukiharibika. Benki itakopesha wakati wa ukame wa pesa. Mahakama itamlazimisha mdaiwa. Barabara itapitika mwezi wa nne kama mwezi wa saba. Kitabu hakisemi hivyo, kwa sababu mwandishi hakuwa na haja ya kusema. Pale alipokaa vitu hivyo vilikuwepo kama hewa, na hewa hakuna mtu anayeihesabu.

Ajabu ni kwamba jambo hili lilikuwa limeshaandikwa. Mwaka 1997 Tarun Khanna na Krishna Palepu, walimu wa Harvard kama Porter mwenyewe, walitoa makala ya kusema kwamba ushauri wa kushika kitu kimoja unaweza kuwa kosa katika nchi ambazo taasisi za soko ni dhaifu. Pale, walisema, kampuni yenye biashara nyingi inajijengea yenyewe kile ambacho nchi haina. Makala hiyo ilikuwa na umri wa miaka 19 siku nilipotetea memwari yangu. Haikuwemo katika silabusi, wala hakuna mtu wa jopo aliyeniuliza juu yake. Kumbe hata ile "dunia" tuliyofundishwa ilikuwa nusu.

Lakini na hawa nao wasipokelewe kama manabii. Mifano yao ni makampuni makubwa ya India na Korea Kusini, si mama mwenye beseni. C. K. Prahalad aliwakumbuka maskini katika kitabu chake cha mwaka 2004 juu ya utajiri ulio chini ya piramidi. Ila mara nyingi mle maskini ni mteja: umuuzie shampoo katika kipakiti kidogo, upate faida. Kwamba maskini huyo naye ana mkakati wake, aliouvumbua na kuujaribu miaka mingi, hilo linapita kwa haraka.

Na mama mdogo alikuwa nao. Niseme ulikotoka. Mwisho wa Desemba 1998 na siku za kwanza za Januari 1999, watu waliuawa Makobola na vijiji jirani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 inataja zaidi ya 800. Yeye alivuka ziwa, akaishi miaka kadhaa katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Njia yake ya vitenge ilitoka kule: watu aliojuana nao katika ukimbizi ndio waliomtumia mzigo bila karatasi, kwa kumwamini tu. Mtu aliyewahi kukimbia na nguo moja hawezi kuweka mali yake yote mahali pamoja. Likelemba ilikuwa benki yake. Madeni ya wateja yalikuwa bima yake. Mimi katika jedwali langu la SWOT niliviandika vyote viwili upande wa udhaifu.

Kuna wenzetu watasema: basi tutupe vitabu vya wazungu, turudi kwa hekima ya wazee. Hapana, siko huko. Mama mdogo naye anafungwa na mambo ambayo hekima ya ufukweni peke yake haitayamaliza. Angalieni M-Pesa. Majaribio yake Kenya mwaka 2005 yalikuwa ya kusaidia watu kurudisha mikopo midogo. Watu wakaanza kuitumia kutumiana pesa kwa mambo yao wenyewe. Wenye mradi waliliona hilo, wakabadilisha mpango, na mwaka 2007 Safaricom ikaizindua kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Leo kisa hicho kinasomwa katika vyuo vya Ulaya na Marekani. Henry Mintzberg wa Kanada alikuwa ameshatueleza kwamba mkakati mwingine haupangwi ofisini, unatokea katika kazi, halafu mwenye macho anautambua. Pale ya kwetu na ya dunia yalikutana kweli, kwa sababu mtu alikubali kutazama kabla ya kushauri.

Kwa hiyo ninayo maombi matatu kwa wenye kufundisha na wenye kusoma. Sura ya kwetu iwe ya kwanza, isingoje saa ziishe. Kila nadharia iulizwe: inasimama juu ya nini, na hicho kitu kwetu kipo? Tatu, memwari zetu ziandike visa vya hapa kwa undani, na mwenye biashara asomewe kwa Kiswahili kabla jopo halijasikia. Kama mama mdogo angesomewa ukurasa wa udhaifu, angenisahihisha kwa dakika tano.

Kazi ipo nyingi. Ziwa letu lina urefu wa kilomita 673 na nchi nne. Tangu mwaka 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane. Mwuza ndagala anaishije miezi mitatu kama hiyo? Nani kati yetu ameandika hata kurasa kumi juu ya swali hilo?

Mama mdogo alianza tena na dumu moja la mawese. Likelemba walimrudisha, lakini walimweka mwisho wa zamu, na mwaka ule wote mchango wake niliulipa mimi. Hakuniomba. Memwari yangu bado iko kwake, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cheupe, na wageni wakija anawaonyesha.

Karibuni museme, hasa wenye kufundisha kozi hii.