Ng'ombe wa Chuma wa Karagwe

Magharibi ya Ziwa Viktoria, ng'ambo ya Mwanza, wahunzi wa Karagwe walifua ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu zilizopinda, mfano wa mifugo ya watawala wao. Sanamu hizo zilikuwa sehemu ya hazina ya Rumanyika, mfalme wa Karagwe. Msafiri H. M. Stanley alipofika huko mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina hiyo, akakuta humo hata mabata ya shaba njano yenye mabawa ya shaba nyekundu.

Wanyama wa chuma wanaopamba bustani za Ulaya kwa kawaida ni wa kusubu: chuma kilichoyeyuka humiminwa katika kalibu, na umbo moja huweza kurudiwa mara nyingi. Mhunzi wa Karagwe hakuwa na njia hiyo. Tanuru yake ya udongo, ikipulizwa kwa mivukuto, ilimpa bonge tu la chuma. Mgongo, miguu na ncha ya pembe vyote vilitoka kwenye nyundo. Huo ni ufundi wa hali ya juu kabisa.

Msomaji aliye Mwanza asikose kufika Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, aione nyumba ya wahunzi wa Kisukuma, majirani wa Karagwe ng'ambo ya ziwa.