Mahame katika Nyeusi na Nyeupe: Picha za Bernd na Hilla Becher

Kuanzia 1959, Bernd na Hilla Becher walipiga picha za majengo ya viwanda ya Ujerumani ambayo mengi yalikuwa yameachwa au yalikaribia kubomolewa: minara ya migodi, matangi ya maji, tanuri za kuyeyushia chuma. Fani yao haikubadilika. Picha ni za rangi nyeusi na nyeupe; mbingu imetanda mawingu ili pasiwe na kivuli kikali; jengo limesimama katikati; binadamu hayumo. Kisha picha za majengo ya aina moja hupangwa safu kwa safu ili zilinganishwe. Katika maonyesho ya Venice ya 1990, walituzwa kwa uchongaji, si kwa upigaji picha.

Tuzo hiyo yafichua kiini cha suala. Rangi hulifunga jengo katika wakati wake: kutu ni ya jana, nyasi ni za masika haya. Rangi inapoondolewa hubaki umbo, na umbo halizeeki. Kwa hivyo, picha hizi huhifadhi gofu kwa kulitoa katika historia iliyolifanya gofu.

Hapa ndipo ulinganishi na fasihi ya Kiswahili unapofaa. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, nao huyatazama mahame: majumba ya Pate. Lakini mshairi haishii kwenye kuta. Huuliza waliko waliokuwamo. Taa zao na vyombo vya kauri vilivyojaa vidakani hukumbukwa pamoja na popo na ndege waliorithi nafasi hiyo. Uchungu wa utenzi hutokana na umbali uliopo baina ya ujaa na utupu. Akina Becher wameonyesha utupu peke yake.

Hata hivyo, si haki kuwashutumu kwa ubaridi. Kila picha hutaja aina ya jengo, mahali na mwaka, na kupitia anwani hizo fupi historia hurejea. Kasoro ni ya waigaji wanaochukua huzuni ya nyeusi na nyeupe na kuiacha anwani.

Suala hili linaihusu pia Gede, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024. Picha ya magofu yake isiyoandamana na neno lolote juu ya waliojenga misikiti na kuchimba visima vyake humfunza mtazamaji kupenda kuanguka kwa mji kuliko kusimama kwake.