Tatizo Sugu au Tatizo Tata? Uhakiki wa Tafsiri za Kivumishi "Wicked" katika Kiswahili cha Kitaaluma

1.0 Utangulizi

Mwaka 1973, Horst Rittel na Melvin Webber wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala yaliyoipa taaluma ya sera na mipango kivumishi kinachotumika hadi leo: "wicked". Istilahi hiyo ilikuwa imekwisha kujadiliwa na C. West Churchman katika tahariri ya mwaka 1967. Kwa kivumishi hicho walibainisha matatizo ya kijamii yasiyo na fasili moja inayokubalika, yasiyo na kikomo cha kutangaza kwamba yamekwisha, na ambayo ufumbuzi wake haupimwi kwa usahihi au makosa bali kwa ubora au ubaya. Mtafiti anayeandika kwa Kiswahili hana budi kuchagua kivumishi cha kuibeba dhana hiyo. Makala haya yanahakiki vivumishi vitano vinavyoweza kuteuliwa, na yanadai kwamba -sugu, ambacho huja mdomoni kwa wepesi, ndicho kinachopotosha zaidi.

2.0 Kivumishi na Kinyume Chake

Maana ya kivumishi hudhihirika kwa kile kinachopingana nacho. Katika makala ya 1973, kinyume cha "wicked" si wema bali hali ya mnyama aliyefugwa akatulia. Kwa hiyo -ovu, ingawa hupatikana kwa urahisi katika kamusi, huingiza jozi isiyohusika ya -ovu na -ema. Rittel na Webber wenyewe walitahadharisha kwamba hawakukusudia kuyahukumu matatizo kuwa na hulka mbaya.

Kivumishi -kali kina jozi inayokaribia, yaani mnyama mkali na mnyama mpole. Hata hivyo, kikiambatana na nomino "tatizo" hupima kiwango tu. Tatizo kali la maji ni uhaba mkubwa wa maji, na uhaba mkubwa unaweza kuwa na sababu moja inayojulikana. Kivumishi -gumu nacho hakifai. Mlinganyo wa hisabati na fumbo la sataranji ni matatizo magumu, lakini waandishi hao waliyaweka upande wa yaliyofugwa, kwa kuwa anayeyashughulikia hujua lini amelipata jibu.

3.0 Usugu na Uwajibikaji

Kivumishi -sugu kinastahili kupimwa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu kina sifa ambazo vitatu vilivyotangulia havina. Kama nomino, sugu ni sehemu ya ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa mara kwa mara. Neno hilo, basi, lina historia ndani yake: hakuna sugu pasipo msuguo. Vimelea huwa sugu baada ya kukabiliwa na dawa, hasa zilipotumiwa isivyofaa. Hapa Kiswahili kinakaribia hoja ya Rittel na Webber kwamba kila jaribio la ufumbuzi huacha athari zisizofutika.

Hata hivyo, ukaribu huo una kasoro mbili. Kwanza, usugu hudokeza kwamba utambuzi umekwisha kufanyika. Ugonjwa sugu una jina. Kinachokosekana ni tiba inayoumaliza. Tatizo linalozungumziwa na Rittel na Webber halina jina ambalo wahusika wote wanakubaliana nalo.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, -sugu hubadili uelekeo wa lawama kulingana na nomino inayovumishwa. Katika "mdaiwa sugu" au "mhalifu sugu", nomino ina utashi. Usugu ni mwenendo wa mtu, naye hutakiwa kuujibia. Katika "tatizo sugu la maji", nomino haina utashi wowote, lakini ukaidi umehamishiwa kwake. Aliyepaswa kulaza mabomba, aliyepanga bajeti na aliyeidhinisha makazi pasipo miundombinu hutoweka katika tungo. Kivumishi kinachomshtaki mdaiwa ndicho kinachomwachia huru mwenye dhamana. Matokeo hayo ni kinyume cha nadharia inayotafsiriwa. Sifa ya kumi na ya mwisho katika orodha ya Rittel na Webber ni kwamba mpangaji hana haki ya kukosea. Anawajibika kwa matokeo ya anayoyatenda.

4.0 Utata kama Mbadala

Kiswahili kina mbadala uliomo ndani ya nomino yenyewe. Maneno "tata", "tatiza", "tatizo" na "tatua" ni ya mzizi mmoja wenye maana ya kusokotana kama uzi. "Tatiza" imo katika kauli ya kutendesha: kuna kinachosababisha msokotano. "Tatua" imo katika kauli ya kutendua, kama ilivyo "fungua" kwa "funga". Mofolojia hii humweka mtendaji kwenye ncha zote mbili, wakati wa kutatiza na wakati wa kutatua.

Aidha, katika isimu, tungo tata ni tungo yenye maana zaidi ya moja. Hapo ndipo -tata inapoishinda -sugu. Chukua kirai "tatizo la wamachinga", kilichosikika sana mwaka 2021 wafanyabiashara hao walipoondolewa kandokando ya barabara za Dar es Salaam. Kutokana na -a unganifu, kirai hicho kina walau tafsiri tatu: tatizo linalowakabili wamachinga, tatizo wanalolisababisha, au suala zima linalowahusu. Anayeshika tafsiri ya kwanza atatafuta mitaji na maeneo yenye wateja. Anayeshika ya pili atapeleka mgambo. Kuongeza -sugu kunaufunika utata huo, ilhali "tatizo tata" hulazimisha swali litangulie: tatizo la nani, na kwa mujibu wa nani?

Inaweza kupingwa kwamba "tatizo tata" ni uradidi, kwa kuwa maneno yote mawili ni ya mzizi mmoja. Pingamizi hili lina nguvu kihistoria, si kimatumizi. Leo "tatizo" hutaja kikwazo chochote, hata taa iliyoungua, ilhali -tata imebaki na maana mahususi ya kufasirika kwa namna nyingi. Ni kweli pia kwamba -tata haielezi kudumu kwa tatizo. Lakini muda unaweza kutajwa kwa miaka, na miaka huweza kuhakikiwa kuliko kivumishi.

5.0 Hitimisho

Uhakiki huu hauiondoi -sugu katika msamiati wa kitaaluma. Inafaa pale ambapo tatizo limetambuliwa, tiba imejaribiwa, na yote mawili yameelezwa. Kwa dhana ya Rittel na Webber, istilahi inayopendekezwa ni "tatizo tata". Uteuzi huu una uzito hasa katika tasnifu, kwenye sehemu ya tamko la tatizo la utafiti. Mwanafunzi anayeandika hapo kwamba tatizo ni sugu ametangaza kuwa linajulikana kabla ya kulichunguza. Anayeandika kwamba ni tata amejifunga kuonyesha tafsiri zake, na kumtaja anayenufaika na kila mojawapo.