Cheo na Mwenendo: Ulinganisho wa "Knighthood" na "Chivalry"

Katika somo la tafsiri, maneno ya Kiingereza yanayokaribiana kimaana humtega mwanafunzi kuliko maneno mageni kabisa. Neno geni humpeleka kwenye kamusi. Neno analodhani analijua humpita bila kupiga hodi. Makala haya mafupi yanayaangalia mawili, "knighthood" na "chivalry", ambayo aghalabu hutiwa kapu moja na kuitwa "ushujaa". Tunadai kwamba tafsiri hiyo haiyafai yote mawili, na kwamba kwa mwalimu wa Kasese au Bwera kosa hilo si la msamiati tu.

Tuanze na asili. Katika Kiingereza cha kale, "cniht" alikuwa mvulana au mtumishi. Kiambishi "-hood" hufanya kazi inayofanana na u- yetu katika "utoto", hivyo neno zima lilimaanisha ujana. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, neno hilo lilikuja kumtaja askari mpanda farasi wa bwana mkubwa, na hatimaye mwenye cheo kitolewacho na mfalme. "Chivalry" nalo lilitoka Kifaransa, kwenye "cheval", yaani farasi. Lilianza kwa kutaja wapanda farasi wa vita, kisha likataja kanuni zao: kutimiza ahadi, kumhurumia aliyeshindwa, kumlinda mnyonge. Siku hizi hutumika zaidi kwa adabu ya mwanamume mbele ya mwanamke.

Tofauti hujitokeza wazi tukitazama vitenzi. "Knighthood" hutolewa, hukataliwa na hata hufutwa. Apolo Kagwa wa Buganda alipewa mwaka 1905. Robert Mugabe alipewa ya heshima mwaka 1994, nayo ikafutwa mwaka 2008. "Chivalry" haitolewi na mtu wala haifutwi kwa tangazo. Huonyeshwa tu kwa matendo. Kwa ufupi, la kwanza ni cheo, la pili ni mwenendo.

Sasa tuandike: "Apolo Kagwa alipewa ushujaa mwaka 1905." Msomaji atauliza, je, kabla ya hapo alikuwa mwoga? Kasoro hii inachekesha kidogo, lakini Kasese haichekeshi. Omukama wa Toro, Rukidi III, aliyetawala toka 1928 hadi 1965, aliitwa Sir George. Katika utawala wake Wakonjo na Wamba walidai kutengwa na Toro, na mwaka 1962 madai hayo yakazaa uasi wa Rwenzururu chini ya Isaya Mukirania. Yeye hakuwa na cheo chochote kutoka London, lakini wapo wengi milimani wanaomwita shujaa. Mwanafunzi anayeandika kwamba Rukidi "alipewa ushujaa" ameshaegemea upande mmoja katika mgogoro uliomwaga damu, na wala hakukusudia. Akiandika "alipewa cheo cha Sir", anaeleza lililotokea na kumwachia msomaji hukumu.

Je, "chivalry" tuiiteje? Tunapendekeza "uungwana". Neno hili lina safari inayofanana na ile ya Kiingereza. Pwani, muungwana alikuwa mtu huru, kinyume cha mtumwa. Yaani lilikuwa neno la hadhi kabla ya kuwa neno la tabia. Katika misafara ya karne ya 19 jina la waungwana lilichukuliwa hata na watu waliozaliwa utumwani, likavuka nao hadi Kongo, na ndiyo maana Kiswahili cha huko kikaitwa Kingwana. Anayesikiliza wafanyabiashara wakivuka mpaka wa Mpondwe anasikia kizazi cha lugha hiyo, ingawa huenda hajui kwamba jina lake limebeba historia ya watu waliotafuta heshima.

Hata hivyo, maneno haya mawili hayalingani kila mahali. Uungwana hauna jinsia. Mama muuza samaki sokoni Bwera anayemrudishia mteja chenji iliyozidi ni muungwana, wala hakuna Mwingereza atakayemsifu kwa "chivalry". Pia uungwana hauna farasi wala upanga. Kwa hiyo, matini inapozungumzia vita vya Ulaya ya kale, afadhali mfasiri aseme "maadili ya askari wapanda farasi", hata kama maneno yatazidi. Wengine watataja "farisi", neno lenye asili ya Kiarabu ambako maana yake ni mpanda farasi. Lakini katika Kiswahili farisi ni mtu hodari katika kazi yake, na hodari anaweza kukosa utu.

Nalo neno "ushujaa" tulibakishie kazi yake: kutokuogopa hatari. Mtu anaweza kuwa shujaa asiye muungwana, au Sir asiye shujaa. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi sentensi tatu kuhusu mtu mmoja wa historia ya Rwenzori: moja ya cheo chake, moja ya ujasiri wake, moja ya mwenendo wake kwa waliomshinda au aliowashinda. Anayeweza kuzitenganisha sentensi hizo amejifunza tafsiri, na amejifunza pia kusoma historia ya kwao bila kudanganywa na vyeo.