Nani Atamkabia Pirlo?

Kiangazi cha 1997 Roberto Baggio alikuwa mbioni kujiunga na Parma. Kocha Carlo Ancelotti akakataa. Baggio alitaka kucheza nyuma ya washambuliaji, na katika 4-4-2 ya Parma nafasi hiyo haikuwepo. Kabla yake Gianfranco Zola alikuwa amesukumwa pembeni, akaishia kuhamia Chelsea. Hayo yalikuwa mafunzo ya Arrigo Sacchi. Ancelotti alikuwa kiungo wake Milan ilipotwaa Kombe la Ulaya 1989 na 1990, kisha msaidizi wake Italia ilipofika fainali ya Kombe la Dunia 1994. Kwa Sacchi mfumo ulitangulia, mchezaji akafuata.

Miaka kumi baada ya kumkataa Baggio, Ancelotti alibeba Ligi ya Mabingwa akiwapanga Pirlo, Seedorf na Kaká kwa pamoja. Mabadiliko yalianzia Juventus, alikomkuta Zidane mwaka 1999 na kulazimika kumtengenezea nafasi nyuma ya washambuliaji wawili. Yalikomaa Milan.

Andrea Pirlo alifika Milan 2001 akiwa namba kumi asiye na nafasi, maana Rui Costa alikuwepo, na mwaka uliofuata akaja Rivaldo. Lakini akiwa Brescia kwa mkopo, kocha Carlo Mazzone alikwisha kumrudisha mbele ya mabeki, kwa sababu namba kumi pale ilikuwa ya Baggio yuleyule. Ancelotti akaichukua njia hiyo na kuijengea timu nzima. Faida yake ni rahisi kuiona: namba kumi hupokea mpira akiwa na mkabaji mgongoni, ilhali Pirlo, akiwa chini, aliupokea akiutazama uwanja wote, na mshambuliaji wa wapinzani hakuzoea kukaba kiungo.

Tatizo ni kwamba Pirlo hakuwa mkabaji. Kila fundi anayeachwa huru huacha deni la kukaba, na lazima apatikane wa kulilipa. Milan walililipa kwa Gattuso upande wa kulia na, kufikia 2007, Ambrosini upande wa kushoto. Hao walitoka kwenda pembeni mpira ulipopotea, wakarudi kuziba katikati Pirlo alipopitwa. Shevchenko alipoondoka 2006, mfumo wa 4-3-2-1 ukawa ndio tegemeo: mshambuliaji mmoja, Kaká na Seedorf nyuma yake, na upana wote wakaachiwa mabeki wa pembeni, Oddo na Jankulovski. Manchester United walichapwa 3-0 San Siro katika nusu fainali, na Liverpool 2-1 katika fainali kule Athens.

Ubovu wa kubana katikati ulikuwa umeonekana katika fainali dhidi ya Liverpool, Istanbul 2005. Milan waliongoza 3-0 hadi mapumziko. Kocha wa Liverpool, Rafa Benítez, akamwingiza Hamann, akabaki na mabeki watatu na kuongeza watu kati na pembeni. Bao la kwanza la Liverpool lilitokana na krosi ya Riise kutoka kushoto, na penalti iliyozaa la tatu ilisababishwa na Gattuso mwenyewe, aliyechelewa kumfikia Gerrard. Ndani ya dakika sita matokeo yakawa 3-3, na kombe likaenda Liverpool kwa penalti.

Real Madrid ya Ancelotti ilirithi hesabu ileile. Msimu wa 2013-14 Cristiano Ronaldo hakupaswa kurudi kukaba kushoto, hivyo Ángel Di María akatolewa winga na kuwa kiungo wa kushoto katika watatu, akikimbilia eneo hilo. Katika fainali ya Lisbon ni yeye aliyewakata mabeki wa Atlético dakika ya 110 kabla ya Bale kufunga. Muongo mmoja baadaye Jude Bellingham alifunga mabao 19 ya La Liga, na bado ndiye aliyeshuka kuziba kushoto ili Vinícius abaki mbele.

Wanaosema Ancelotti hana falsafa wanaitafuta kwenye umbo la timu, nalo hubadilika kila klabu. Kisichobadilika ni mpangilio wa maswali yake: kwanza, fundi wangu anaupokea wapi mpira, pili, nani anakimbia kwa niaba yake. Mwaka 1997 hakuwa na jibu la swali la pili, ndiyo maana alimfungia mlango Baggio.