Grimethorpe Imetua Ishiara, na Ni Moto!

Wapenzi wa muziki, wekeni kando mlichoshika! Nimepata rekodi za filamu Brassed Off ya 1996, zilizopigwa na Grimethorpe Colliery Band ya Yorkshire, Uingereza, na hapa Ishiara sijasikia shaba ikiimba namna hii.

Sisi bendi ya tarumbeta tumeizoea kwa kishindo. Zile za Jeshi la Wokovu, lililoingia Kenya mwaka wa 1921, hupiga nje juani, zikishindana na makanga wa matatu na wauza mbuzi sokoni, kwa hiyo sauti sharti ipasue. Grimethorpe nao wanapasua, lakini ustadi wao hasa uko kwenye unyamavu.

Anza na Concierto de Aranjuez. Joaquín Rodrigo aliitunga mwaka wa 1939 kwa gitaa na okestra. Hapa hakuna gitaa wala fidla. Wimbo umekabidhiwa flugelihoni, ndugu ya koneti mwenye sauti nene zaidi. Mpigaji anaingia polepole kama mama anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto. Noti haitetemeki! Chini yake tenahoni na yufoniamu zinashikilia, wapigaji wakivuta pumzi kwa zamu, na sauti haikatiki hata kidogo. Tarumbeta yenyewe haimo. Bendi hizi hutumia koneti, ambayo bomba lake hupanuka taratibu, ndipo ulaini ule unapotoka.

Halafu William Tell ya Rossini. Lo! Mbio zile zilizoandikiwa fidla zinachukuliwa na koneti, ndimi zote zikigonga noti kwa pamoja, kila noti safi. Nimerudia na kurudia.

Na bendi hii haikuzaliwa katika chuo cha muziki. Ilianzishwa na wachimba makaa ya mawe mwaka wa 1917. Oktoba 1992 serikali ya Uingereza ilitangaza kufunga migodi mingi. Siku chache baadaye bendi ikatwaa ubingwa wa taifa wa bendi za shaba jijini London. Mgodi wao ukafungwa 1993. Bendi ipo hadi leo, na hicho ndicho kinachonisisimua zaidi.

Msizisikilize rekodi hizi kwa spika ya simu, tafadhali. Besi ziko nne, na zote zitapotea. Azimeni spika kubwa, hata kwa kinyozi. Mimi nikishiba hizi nahamia bendi ya Black Dyke ya Queensbury, iliyoanza 1855.